Rudisheni Tanbihi Chini ya Ukurasa

Neno tanbihi tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kumzindua mtu, kumgutusha aangalie kitu kilicho mbele yake. Mtu hupewa tanbihi kabla mguu haujafika kwenye jiwe. Vitabu vingi vya taaluma ya Kiswahili ninavyovishika siku hizi hapa Kampala vinamzindua msomaji akiwa ameshaanguka. Namba ndogo iko ukurasa wa 41, maelezo yake yako ukurasa wa 198, na msomaji amebana vidole vitatu kati ya kurasa asipotee njia ya kurudi. Hiyo nayo tunaiita tanbihi, maana lugha yetu haijaipa jina la peke yake. Tunasema "tanbihi ya chini" na "tanbihi ya mwisho", na mimi nikilisikia hilo la pili naona ni kama kusema onyo la baada ya ajali.

Ninayasema haya nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, na pia nikiwa kibarua wa kupanga kurasa. Kila likizo hufanya kazi katika duka moja la uchapaji maeneo ya Nasser Road, mtaa ambao kila mwenye kadi ya harusi, bango la kampeni au diwani ya mashairi mjini humu huishia. Kwa hiyo najua tanbihi zinahamishwaje na zinahamishwa kwa muda gani. Ninachopinga ni hiki: kuondoa tanbihi chini ya ukurasa ni uamuzi wa kitaaluma, wa mwandishi na mhariri wake. Lakini kwa kuwa sasa unatekelezwa kwa kubofya mara mbili, umekuwa uamuzi wa yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta siku hiyo.

Wasioijua kazi hii wanivumilie kidogo. Programu tunayotumia dukani, kama maduka mengi, ni InDesign ya kampuni ya Adobe. Ilitoka mwaka 1999 bila uwezo wowote wa kupanga tanbihi. Tanbihi za chini ziliingizwa mwaka 2005, katika toleo la CS2. Za mwisho zilichelewa zaidi: zilikuja na toleo la CC 2018, lililotolewa Oktoba 2017. Kwa miaka kumi na miwili, basi, mchapaji aliyetaka tanbihi zikae mwisho wa kitabu alikuwa na njia mbili, akate na kubandika moja baada ya nyingine, au atumie skripti. Skripti ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, mara nyingi JavaScript, ndani ya faili dogo. Unaliweka faili katika folda yake, jina lake linatokea kwenye kidirisha ndani ya InDesign, unabofya mara mbili, basi. Peter Kahrel, aliyeandika pia kitabu juu ya mbinu za kutafuta maneno katika InDesign, ni mmoja wa watu walioandika skripti za aina hii na kuwagawia wengine. Siwalaumu watu hao hata kidogo. Waliziba pengo lililoachwa wazi na kampuni kubwa, na aliyewahi kuhamisha tanbihi mia tatu kwa mkono anajua kwa nini nawaombea dua.

Tena kazi ya skripti inapendeza kuitazama. Katika InDesign, maneno ya tanbihi ya chini yanaishi ndani ya namba yake; ukifuta namba, maelezo yote yanakwenda nayo. Kwa hiyo skripti hainzi kwa kufuta. Hunakili maelezo, huyapeleka mwisho wa matini, huacha namba iliyoinuliwa mahali pa ile ya zamani, ndipo ifute. Na huanzia tanbihi ya mwisho kurudi nyuma hadi ya kwanza, kwa sababu ikianza mbele, kila ikifuta moja zilizobaki husogea katika hesabu, nayo huruka nyingine bila kujua. Skripti nzuri huunganisha namba na maelezo yake kwa kiungo, ili ukiongeza tanbihi mpya katikati hesabu nzima ijirekebishe. Skripti duni huacha namba zilizokufa, tarakimu tu. Nyingine hubeba herufi bila sura yake, na maneno yaliyokuwa kwa herufi za mlazo yanatoka wima kama mengine.

Hilo la mlazo mtu wa uhasibu halitamsumbua. Sisi tunaosoma isimu linatusumbua sana. Kwetu mlazo ndio unaotenganisha neno linalozungumziwa na neno linalozungumza. Chukua tanbihi inayosema kwamba katika lahaja ya Kiamu ndoo ni njoo. Mlazo ukiwepo, msomaji anaona maneno mawili yamewekwa mezani yachunguzwe. Mlazo ukipotea, anasoma sentensi juu ya chombo cha kuchotea maji, anajiuliza mwandishi alikuwa mzima au la.

Lakini hayo ni maradhi ya skripti mbovu, na dawa yake ni skripti bora. Dhara ninalolihofu zaidi linafanywa na skripti iliyo safi kabisa.

Walimu wetu walitufundisha vionyeshi mwaka wa kwanza: hili la karibu, lile la mbali, hilo lililokwisha kutajwa. Hebu sasa fungueni kitabu chochote chenye tanbihi za chini mwone zinavyozungumza. "Neno hili." "Ubeti huu." "Hapa mshairi anamaanisha." Tanbihi ya chini huzungumza kwa vionyeshi vya karibu kwa sababu imesimama karibu, iko sentimita chache kutoka kwa kitu inachokinyooshea kidole. Skripti inaihamisha kurasa 150 mbele na kuiacha bado inasema "hili". Hili lipi? Kidole kimenyooshwa, kitu hakipo. Kwa haki ya sarufi, kila "hili" lingegeuzwa "lile", kila "hapa" liwe "katika ukurasa wa 41, mstari wa tatu", na hiyo si kazi ya skripti, ni kazi ya mwandishi kukaa na kuandika upya. Nimepanga miswada kadhaa ambayo tanbihi zake zilihamishwa. Sijauona hata mmoja ambao mwandishi wake alipewa nafasi ya kurekebisha vionyeshi.

Wenzetu wa pwani huenda wakashangaa kwa nini mwanafunzi wa Uganda anapiga kelele juu ya jambo dogo hivi. Wao wakisoma utenzi wa Kiamu, sikio huwasaidia, au bibi yuko nyumbani. Sisi Kiswahili tumekikuta darasani. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, nami niliusoma kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini, nimekaa hosteli, hakuna wa kumuuliza. Lugha ya tenzi za Lamu na Pate inahitaji mtu akushike mkono karibu kila mstari. Mato ni macho. Nti ni nchi. Ndia ni njia. Hayo yanakisika, ukishajua kwamba ch ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa t na nj huwa nd. Shida ni yale maneno ambayo sura yake inafanana na neno tunalolijua kwa maana nyingine. Mtu akiteka katika utenzi wa Kiamu anacheka. Msomaji wa Gulu, Bujumbura au Bukavu anamwona anateka maji au anateka nyara. Na hatajua kwamba amekosea, kwa hiyo hatakuwa na sababu ya kwenda mwisho wa kitabu kutafuta. Watu husema msomaji mwenye hamu atafunua. Atafunua akiwa na shaka. Asiyejua kwamba hajui hafunui chochote, na huyo ndiye tanbihi ya chini iliyomtaka, kwa sababu jicho likishuka mwisho wa ukurasa hukutana nayo hata bila kuitafuta.

Sasa niseme la fotokopi, ambalo wahariri wa vitabu vyetu wangelijua wangeona haya. Nakala ya kitabu katika maktaba mara nyingi ni moja, na darasa lina watu sitini. Mwalimu anatuagiza sura ya tano. Mwakilishi wa darasa anaazima kitabu kwa saa mbili, anateremka Wandegeya, anatoa fotokopi ya sura ya tano, kila mtu anachukua yake. Namba zote zimo, 1 hadi 47. Maelezo yamebaki maktaba. Kama tanbihi zingekuwa chini ya ukurasa, zingekuja nazo zenyewe bila mtu kuzifikiria. Ndiyo, tungeweza kukumbuka kutoa na kurasa za mwisho; ila tanbihi za mwisho zimepangwa kwa sura, kila sura inaanza na 1, na vichwa vya kurasa huko nyuma vinasema tu "Tanbihi", wakati vichwa vya kurasa ndani ya kitabu vinataja jina la sura wala havitaji namba yake. Mwakilishi wetu aliyekuwa na saa mbili na foleni ya watu kumi mbele yake hakulifumbua fumbo hilo. Muhula uliopita tuliandika insha tukimnukuu mwandishi wa kitabu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyanukuu kwa mtu mwingine, na jina la mtu huyo lilikuwa katika tanbihi. Darasa zima tukakatwa alama kwa kutotaja chanzo asilia. Mwalimu alikuwa na haki. Yeye alikuwa na kitabu kizima.

Kuna jambo zito kuliko alama. Lilitokea dukani, likizo ya mwaka jana. Kililetwa kitabu cha ngano zilizokusanywa vijijini, na mkusanyaji alikuwa ameweka katika tanbihi majina ya wazee waliomsimulia, kijiji cha kila mmoja na siku aliyosimuliwa. Zilikuwa chini ya ukurasa, pale pale ngano inapoanzia. Mtu wa upande wa mchapishaji akasema kurasa zinaonekana zimejaa, zihamishwe mwisho. Zikahamishwa kwa skripti, haikuchukua dakika. Kitabu kikawa na kurasa 203, na tanbihi peke yake zilikuwa kurasa 11. Sasa kumbukeni kwamba karatasi kubwa ya uchapaji hukunjwa ikatoa mafungu ya kurasa 16. Mafungu kumi na mawili ni kurasa 192. Ukitoa 11 kwa 203 unabaki na 192 kamili, na fungu zima la kumi na tatu linaokolewa. Hesabu hiyo haikumchukua yule bwana muda mrefu. Mimi nilikuwa meza ya pili, kazi haikuwa yangu, nikasema kwa sauti kwamba hayo ni majina ya watu. Nikajibiwa kwamba wanaosoma ngano hawasomi majina. Kurasa 11 zikafutwa, kisha kwa amri ya kutafuta na kubadilisha namba zote ndogo zikaondolewa ndani ya matini, kitabu kikatoka kisafi kabisa. Wale wazee hawamo. Zikiwa chini ya ukurasa, hakuna ambaye angeweza kuzikata bila kuigusa kila ngano. Zilipokusanywa pamoja nyuma zikawa kiungo kinachoweza kukatwa mwili usitoe damu.

Ugomvi huu una umri. Edward Gibbon alipotoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi mjini London mwaka 1776, tanbihi ziliwekwa mwisho. Mwanafalsafa David Hume, aliyekuwa mgonjwa na amebakiza miezi michache tu ya kuishi, alimwandikia mchapaji William Strahan akilalamika kwamba unahangaika kufunua hadi mwisho wa juzuu, na mara nyingi unachokuta huko ni jina la chanzo tu, kitu ambacho kingekaa pembeni au chini ya ukurasa. Matoleo yaliyofuata yaliziteremsha chini ya ukurasa. Napenda kwamba Hume hakumlaumu Gibbon kwa kuandika tanbihi, wala hakusema zifutwe. Alijua kwamba mahali pa maneno ni sehemu ya maneno. Na wakati huo kuhamisha tanbihi kulimaanisha herufi za risasi kupangwa upya moja moja kwa mikono. Walifanya. Sisi tunashindwa na kubofya?

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Baadhi ni kweli. Tanbihi ndefu ya chini inaweza kula ukurasa hadi matini ikabaki mistari minne juu, kama kofia. Ikimwagikia ukurasa unaofuata msomaji anachanganyikiwa. Kila mwandishi akiongeza neno, tanbihi zinaruka ukurasa na mpangaji anaanza upya. Hilo limeniweka dukani hadi usiku, kwa hiyo sihitaji kukumbushwa. Riwaya haitaki kabisa vitu chini ya ukurasa. Na katika kitabu cha kusomwa kwenye simu hakuna chini ya ukurasa, kwa sababu ukurasa wenyewe haupo. Pale ukigusa namba maelezo yanatokea, nami sina ugomvi nayo. Ninazungumza juu ya karatasi, na sisi bado tunasoma karatasi.

Hoja nisiyoikubali ni ile ya walimu wetu wachache wanaosema tanbihi chini ya ukurasa zinamtisha mwanafunzi. Kwa heshima zote, walimu wangu, hakuna mwanafunzi aliyetishwa na maelezo ya neno asilolijua. Kinachotutisha ni neno lenyewe likiwa peke yake. Wengine husema mwongozo wa idara unataka tanbihi zikae mwisho wa tasnifu. Nimeuliza sababu, nikaambiwa ndivyo ulivyo mwongozo. Mwongozo huo uliandikwa na watu, na watu hao wako katika majengo haya haya, tunakutana nao kwenye foleni ya chai.

Kwa njia, insha hii haina tanbihi hata moja. Nimefanya makusudi, asije mtu akapata cha kuhamisha.

Ninalotaka si kuzifungia skripti kabatini. Nataka zifundishwe akili tuliyo nayo sisi. Tanbihi si za aina moja. Ipo inayotaja kitabu na ukurasa, nayo hiyo, pamoja na yote niliyosema, inaweza kwenda mwisho bila kumuua mtu, mradi vichwa vya kurasa huko nyuma vionyeshe namba ya sura na kurasa zinazohusika. Ipo inayoeleza neno, inayomtaja msimulizi, inayomwonya msomaji. Hiyo haitoki chini ya ukurasa. Mwandishi ndiye ajuaye ipi ni ipi, na programu inao uwezo wa kumsikiliza: kila aya ya tanbihi inaweza kupewa mtindo wenye jina, na skripti inaweza kusoma jina la mtindo kabla ya kugusa kitu. Wekeni mitindo miwili tu, mmoja uitwe chanzo na mwingine uitwe maelezo, kisha iambiwe ihamishe chanzo na iache maelezo. Ni masharti ya mstari mmoja ndani ya skripti.

Na kwa vitabu vilivyokwisha kuharibiwa, kurudi kunawezekana zaidi ya mnavyoambiwa. Matoleo ya karibuni ya InDesign yana amri ya kugeuza pande zote mbili, tanbihi za chini ziwe za mwisho na za mwisho ziwe za chini. Mchapishaji anayesema toleo la pili haliwezi kurekebishwa aulizwe faili lake likoje. Kama tanbihi zake za mwisho ni hai, ni kazi ya asubuhi moja pamoja na kusahihisha kurasa. Kama zilihamishwa kwa ile skripti inayoacha namba zilizokufa, hapo kweli kuna kazi, kwa sababu kompyuta haioni tena uhusiano wowote kati ya 17 ya ndani na 17 ya nyuma, na ni lazima mtu aandike skripti ya kuzitafuta namba zilizoinuliwa, sura kwa sura, na kuzioanisha na maelezo yake.

Hiyo nimeiandika. Ina mistari chini ya themanini, haijawahi kushindwa ila pale sura moja ilipokuwa na namba 23 mara mbili. Ninayo kwenye flashi, pamoja na ile ya mitindo miwili. Anayeitaka aje na flashi yake, na aliye na mswada wa tasnifu wenye tanbihi mwisho aje nao pia. Niko maktaba ghorofa ya pili kila Jumatano mchana, hadi mitihani ianze.